Mashujaa wa Picha na Mkuki wa Kufika Mbinguni

Nguvu ni kitu ambacho kila kijana hukitamani, lakini ni wachache wanaokipima. Mtoto akionyeshwa picha ya mtu anayeinua gari kwa mikono yake hufurahi, na furaha yake si kosa. Lakini msomaji aliyefika shule ya sekondari hana budi kwenda hatua moja mbele ya furaha. Yampasa aulize nguvu ile ilitumika kwa ajili ya nani, ilikomea wapi, na gharama yake ililipwa na nani. Maswali hayo matatu ndiyo mizani ya insha hii, na kitakachotiwa katika mizani ni hadithi za picha za zamani zilizosimulia habari za mashujaa wa ajabu.

Nilipata nafasi ya kuzisoma upya nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, karibu na Runyenjes katika Embu. Mwalimu huyo ana sanduku la bati alilokwenda nalo bweni alipokuwa kijana. Ndani yake hamna tena sare wala sabuni. Mna magazeti na vitabu vya picha vya miaka mingi, vingine vya Marekani, vingine vya Nairobi, karatasi zake zimegeuka rangi ya majani makavu. Siku hiyo wajukuu wake wawili, mvulana na dada yake, walikuwa likizoni, na walikuwa wamelifungua sanduku na kutandaza mali ile mkekani. Ubishi ulikuwa mkali. Mvulana alitaka kujua, kama mashujaa wote wale wangekutana uwanjani, ni nani angeshinda.

"Guka, amua wewe," alisema.

Babu yake alicheka, asiamue. Nami nilikaa mkekani, nikasoma hata jua likatua, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali la mvulana lilikuwa la kupendeza lakini halikuwa la maana. Watunzi wanaweza kumshindisha wamtakaye. Kalamu ni yao.

Tuanze na shujaa aliyekuwa juu ya rundo, kwa kuwa ndiye mwalimu aliyempenda zaidi. Jina lake ni Lance Spearman, nao wasomaji walimwita Spear. Alitokea katika gazeti la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum Publications mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, likasomwa kwa shauku Afrika Mashariki na Afrika Magharibi. Hadithi zake hazikuchorwa. Zilipigwa picha kwa kamera, na maneno yakapangwa juu ya picha. Aliyeigiza nafasi ya Spear ni Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Spear ni mpelelezi. Huvaa kofia nzuri na tai ya kipepeo, huendesha Corvette Stingray, huvuta sigara, hunywa wiski, na hupigana na wahalifu wenye vituko vya kila namna, akisaidiwa na binti aitwaye Sonia na kijana mdogo aitwaye Lemmy.

Mhakiki wa haki hawezi kulidharau gazeti hilo. Mwaka wa 1968 uhuru wa Kenya ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Katika filamu nyingi zilizoletwa kutoka ng'ambo, mtu mweusi alikuwa mpagazi, mtumishi, au adui wa kuuawa mapema. Ghafula kijana wa Embu au wa Meru alifungua ukurasa akamwona mtu mweusi ndiye mwerevu, ndiye jasiri, ndiye mwenye gari. Na mkuu wa polisi ni mweusi, daktari ni mweusi, hata mwovu mwenye akili nyingi ni mweusi. Haikuwa zawadi ndogo. Mwalimu aliniambia kuwa shuleni kwao magazeti hayo yalikatazwa, na aliyekutwa nayo alichapwa. Hata hivyo nakala moja ilipita mikononi mwa bweni zima kabla ya kuchanika.

Lakini tumtie Spear katika mizani. Anapigania nani? Anapigania kesi aliyopewa, na kesi ikiisha, habari imeisha. Mji wake ungeweza kuwa Nairobi, Lagos au Accra, na kwa sababu hiyo si mmojawapo. Humwoni akienda kumzika jirani, wala akidaiwa karo na mdogo wake. Gazeti lenyewe lilitoka kwa kampuni yenye asili ya Afrika Kusini, nchi ambayo siku zile sheria zake za ubaguzi zisingemruhusu mtu kama Spear kuishi alivyoishi katika picha. Na jambo hilo, lililo zito kuliko mahalifu wote aliowakamata, hadithi hulizunguka kama mtu azungukaye shimo gizani. Nguvu zake zinakomea wapi? Hazikomei popote, maana risasi humkosa. Na gharama hulipwa na nani? Katika kurasa, hakuna. Nje ya kurasa, mwalimu mwenyewe alilipa sehemu yake. Alianza kuvuta sigara akiwa na miaka kumi na saba, akiinamisha kofia kama Spear, na ilimchukua miaka thelathini kuacha. Alinieleza hayo bila uchungu, akikohoa kidogo. Spear alivuta sigara muda wote ule, na kifua chake hakikuuma hata siku moja.

Chini ya Spear palikuwa na Superman, mzee wa mashujaa wote wa aina hii. Alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, akatokea katika gazeti la Action Comics mwezi wa Juni 1938. Wengi wetu humjua kama mtu arukaye angani, lakini kisa cha kwanza hakikusema hivyo. Mwanzoni hakuwa na uwezo wa kuruka kama ndege; aliweza kuchupa umbali wa mita mia mbili hivi, na ngozi yake ilizuia risasi, lakini kombora kubwa lingeweza kumdhuru. Tena maadui zake wa kwanza walikuwa watu tunaowajua sote: mume ampigaye mkewe, tajiri mwenye mgodi asiyejali usalama wa wafanyakazi wake, mwanasiasa aliyenunuliwa. Nguvu ilikuwa na kiasi, na dhuluma ilikuwa na sura.

Kisha ukaja ugonjwa ambao kila mtunzi mchanga anapaswa kuujua. Ili msomaji asichoke, mwaka kwa mwaka Superman aliongezewa nguvu. Akaruka. Akaona kupitia kuta. Kufika miaka ya 1950 na 1960 alikuwa akizisukuma sayari kwa mikono yake. Basi, mtu asukumaye sayari utamtisha kwa kitu gani? Ikawalazimu watunzi kumtegemea mno yule jiwe la kijani litokalo katika sayari alikozaliwa, ambalo humwondolea nguvu, nalo likaonekana kila mahali kama chumvi sokoni. Hadithi iliyokosa mpaka wa kweli hulazimika kununua mpaka wa bandia. Mwaka wa 1986 mtunzi John Byrne alimwandika upya na kumpunguzia nguvu nyingi, na kwa kufanya hivyo alikiri kosa la miaka mingi. Mwaka wa 1992 watunzi walimwua Superman mbele ya macho ya ulimwengu, magazeti ya habari yakatangaza kifo chake, watu wakapanga foleni kununua. Mwaka uliofuata akarudi. Sikatai kwamba kisa kile kimechorwa kwa ustadi. Lakini nikikisoma leo, nikijua kaburi ni tupu, machozi hayaji. Kifo kinachorudishwa ni deni lililosamehewa, na deni lililosamehewa halimfunzi mtu kulipa.

Linganisha na kisa kimoja cha Spider-Man cha mwaka 1973, kilichoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Spider-Man ni mwanafunzi aitwaye Peter Parker, aliyeumwa na buibui akapata wepesi na nguvu zake. Adui yake alimteka msichana ampendaye, Gwen Stacy, akamtupa kutoka juu ya daraja. Peter alirusha utando wake kwa shabaha kamili, ukamnasa msichana miguuni kabla hajafika majini. Akamvuta juu akijisifu. Kumbe Gwen amekwisha kufa. Tena neno dogo la mlio liliandikwa karibu na shingo yake, kuonyesha kwamba ule msukosuko wa kuzuiwa ghafula ndio uliomvunja. Hapa hadithi ya picha imefika mahali ambapo fasihi kubwa hufika. Shujaa hakushindwa kwa kukosa nguvu. Alishindwa ndani ya nguvu zenyewe. Mkono uliookoa ndio uliodhuru. Msichana mdogo mkekani aliusoma ukurasa huo mara mbili, akaufunika, asiseme neno. Hilo nililihesabu kuwa uhakiki.

Miaka hiyo hiyo, kati ya 1973 na 1975, Don McGregor aliandika kisa kirefu cha Black Panther, mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni ya Wakanda, aliyekuwa ametungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Mfalme anarudi kwao baada ya kukaa Marekani akiwa shujaa wa watu wengine, na anakuta nchi yake imewaka moto wa uasi. Raia wanamwuliza alikuwa wapi. Ni swali zuri kuliko ngumi yoyote. Mwishoni, anapokaribia kuangamizwa na adui yake juu ya maporomoko ya maji, anayemwokoa si askari wala mungu, bali mtoto aliyepoteza baba yake katika vita ile. Mtunzi ametuambia kwamba mfalme anayewasahau watu wake hana budi siku moja kuokolewa nao.

Sasa tushuke chini kabisa ya sanduku. Huko palikuwa na vitabu vyembamba vya mfululizo wa Pichadithi, uliotolewa Nairobi miaka ya 1980. Jina hilo limeungwa kwa maneno mawili, picha na hadithi. Aliyeuanzisha ni Terry Hirst, msanii aliyetoka Uingereza akaja Kenya miaka ya 1960 kufundisha, na ambaye mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walikuwa wameanzisha gazeti la Joe. Shabaha ya Pichadithi ilikuwa kuchukua ngano zetu na kuzivika vazi la picha.

Kimojawapo ni habari ya Lwanda Magere, jabari wa Waluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ilimgonga ikapinda. Adui zake walipochoka kufa walimpelekea msichana mzuri awe mke wake. Siku moja Lwanda aliugua, akamwambia mke huyo amchanje, si mwilini, bali kivulini. Kivuli kikatoka damu. Usiku ule mke akatoroka, na katika vita iliyofuata mkuki ulitupwa kivulini, jabari akaanguka akawa jiwe. Watu wa pwani wataitambua hadithi hii mara moja, kwa kuwa Fumo Liyongo naye hakuuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa ndoa na sultani. Watunzi wa zamani walijua jambo ambalo watunzi wa Superman walichelewa kulijua. Udhaifu wa shujaa si jiwe linaloanguka kutoka mbinguni. Ni siri iliyo ndani ya nyumba yake, na anayeishika ni mtu ambaye shujaa hawezi kuishi bila kumwamini. Hapo ndipo huzuni hutoka.

Nilipofika hapo nilidhani kazi imekwisha. Lakini nyanya wa watoto wale, ambaye alizaliwa upande wa Nkubu katika Meru na kuolewa Embu, alikuwa kando akichagua maharagwe, akisikiliza ubishi wetu tangu mchana.

"Mmewataja wote," alisema, "na yule wa kwetu mmemwacha chini ya sanduku."

Kweli, alikuwemo. Katika Pichadithi kuna kitabu cha hekima ya Koomenjoe. Lakini nyanya hakukihitaji. Alisimulia kama alivyosimuliwa, na masimulizi hayo, ambayo wazee wa Meru wana njia zaidi ya moja ya kuyatoa, ni haya kwa ufupi. Zamani Wameru walikaa Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, wakawa watumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao walitaka kuwaangamiza, lakini walitaka wapate sababu. Basi wakawapa kazi zisizowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mzee wao mwenye hekima akakata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, nayo ina manyoya huku na huku. Toeni tunda katika shimo refu bila kulichoma. Wakamimina maji, tunda likaelea likaja lenyewe. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za paa. Mwisho wakaambiwa: fueni mkuki ambao ncha yake itafika mbinguni hali mpini wake umesimama ardhini.

Hapo mzee hakutafuta hila nyingine. Alijua kuwa hiyo si kazi tena, ni kaburi. Wakaomba muda wa kufua, na usiku wakaondoka, watu wote na mifugo yao. Walipofika majini mzee alipiga maji kwa fimbo, njia ikafunguka. Waliovuka usiku wakawa watu weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, na waliovuka mchana wakawa weupe, na koo za Meru hukumbuka mgawanyo huo. Husimuliwa pia kwamba kabla ya kuvuka watu watatu walijitoa mhanga ili njia ifunguke, na majina yao yamehifadhiwa.

Tumtie naye katika mizani ile ile, tusimpendelee kwa kuwa ni wetu. Nguvu yake ilikuwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watu wote, hata ng'ombe. Ilikomea wapi? Ilikomea penye mkuki. Hapo ndipo penye ubora wa kisa hiki. Watunzi wa Superman wa miaka ya 1950 wangemfanya aufue mkuki ule, na msomaji angepiga makofi, na kesho yake bwana angeagiza mkuki wa kufika nyota ya mbali zaidi. Spear angemkamata bwana wa Nguo Ntune, akaingia garini, akaenda zake kunywa wiski. Na watu wangebaki Mbwaa. Mzee wa Meru alifahamu kwamba mtu anayekubali kila jaribio la mdhalimu, hata akishinda yote, bado ni mtumwa anayeshinda. Ushindi wa kweli ulikuwa kuondoka. Na gharama ililipwa na nani? Swali hili linauma. Haikulipwa na mzee mwenyewe. Ililipwa na wale watatu. Hadithi haifichi jambo hilo, wala haiwaachi walipaji bila majina, kama vile miji inavyobomoka katika visa vingi vya Marekani na waliokuwa ndani wasitajwe. Lakini haituambii mama zao walisema nini. Msanii atakayekichora upya kisa hiki yampasa awape ukurasa mzima.

Wameru wana mfano mwingine wa nguvu, ulio kinyume kabisa cha picha za Marekani. Padri Bernardo Bernardi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1959, aliandika habari za Mugwe, kiongozi wa kiroho ambaye mkono wake wa kushoto ulifunikwa usionekane na watu. Mkono huo ulikuwa wa kubariki. Fikiri, msomaji: mtu mwenye mkono wa ajabu, na watu wote wanajua anao, na kazi yake si kupiga. Mchoraji angeuchoraje mkono usioonekana? Angelazimika kuchora nyuso za wanaongoja baraka.

Wako watakaosema kwamba ninazipa hadithi za picha uzito usio wao, kwamba ni michezo ya watoto, na kwamba mwanafunzi afadhali asome vitabu. Nawajibu kwamba mchezo uliomfundisha mtu kuvuta sigara kwa miaka thelathini si mchezo, na ukurasa uliomnyamazisha msichana mwenye maneno mengi si upuuzi. Kinachosomwa kwa siri chini ya blanketi huingia moyoni zaidi ya kile kinachosomwa kwa amri. Kwa hiyo hakifai kukatazwa, kinafaa kupimwa. Waliomchapa mwalimu hawakumfundisha kumhoji Spear. Walimfundisha kumficha.

Kabla ya kuondoka nilimwona mvulana amechukua daftari na penseli. Alikuwa amegawanya ukurasa katika visanduku vitatu, cha kwanza amekipaka weusi mtupu, cha pili ameanza kukitia wekundu wa alfajiri, cha tatu amekiacha cheupe. Katika weusi wa kile cha kwanza alikuwa amefuta kwa kifutio vichwa vidogo vidogo vya watu wanaovuka. Nilimwuliza shujaa yuko wapi.

"Hajulikani ni yupi," alijibu. "Wako wengi."

Babu yake akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akalisogeza lile sanduku la bati karibu na mjukuu wake.